Tapeli ametaja nenosiri langu la zamani

SWALI: Ndugu Mshauri, wiki iliyopita nilipokea barua pepe ya mtu nisiyemjua, ambayo ilianza kwa kutaja nenosiri nililokuwa nikilitumia miaka ya nyuma, herufi kwa herufi. Anadai kwamba ameingia katika kompyuta yangu, na anataka nimlipe kwa Bitcoin. Je, ni kweli? Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usimlipe, wala usimjibu. Yaelekea nenosiri hilo hakulitoa katika kompyuta yako, bali katika orodha zilizoibwa kwenye huduma uliyowahi kujiandikisha, ambazo wezi huuziana na hatimaye kugawana bure. LinkedIn, kwa mfano, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi na taaluma, ilidukuliwa mwaka 2012, lakini ni Mei 2016 ndipo data za akaunti zipatazo milioni 164 zilipoonekana zikiuzwa. Ndiyo maana neno ulilokwisha kulisahau linakurudia leo.

Ili ujue lilikovujia, fungua tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na mtaalamu wa usalama wa mtandao, Troy Hunt wa Australia, mwaka 2013, kisha uandike anwani yako ya barua pepe. Utaoneshwa huduma zilizovuja na aina ya taarifa zilizotoka. Hapo huhitaji kutoa nenosiri la barua pepe. Ukurasa wowote utakaokudai nenosiri hilo ati ukuchunguzie, ufunge mara moja. Ukijibiwa kwamba hukuonekana popote, usidhani umepona, kwa kuwa tovuti hiyo huzijua tu orodha zilizoifikia.

Badilisha kwanza nenosiri la barua pepe yenyewe, maana atakayeishika ataomba manenosiri mapya ya akaunti zako nyingine zote na kuyapokea humo humo. Kisha fuata kila mahali ulipotumia neno lile la zamani, hata kama uliliongezea tarakimu moja mwishoni (ujanja ambao wadukuzi wameuzoea mno), na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani, baada ya nenosiri, udaiwe pia msimbo, kama ule unaotumwa kwa simu yako.

Kabla hujatoka kwenye mipangilio ya barua pepe, kagua kama nakala za barua zako zinapelekwa kwa anwani usiyoijua, na uviondoe vifaa vigeni vilivyoingia katika akaunti. Itazame pia namba ya simu ya kurejeshea akaunti, jambo ambalo wengi wetu hulisahau. Laini uliyoiacha bila kuitumia kwa muda mrefu, kampuni ya simu huweza kuigawa upya, na misimbo yako ikaanza kuingia katika simu ya mtu aliyeisajili jana.