Tulivyomwachisha Binti Yetu Nyonyo

Binti yangu alifikisha miaka 2 na miezi 3 akiwa bado na nyonyo mdomoni, yaani ile chuchu ya mpira ya kumtulizia mtoto, si wakati wa kulala tu, bali hata kwenye daladala na hata alipokuwa akizungumza, kiasi kwamba maneno yake tuliyaelewa mimi na baba yake peke yetu. Tulimpa wenyewe akiwa na miezi 2, wakati alipokuwa akilia jioni nzima bila kunyamazika. Simlaumu mzazi aliyefanya kama sisi, kwani Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani hushauri nyonyo wakati wa kulala katika mwaka wa kwanza, kwa kuwa imeonekana kupunguza hatari ya vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini. Tatizo letu lilikuwa kwamba mwaka wa kwanza ulipita, na wa pili ukapita, nasi hatukujiuliza nyonyo ile ilikuwa bado inafanya kazi gani.

Aliyetuamsha ni daktari wa meno. Alituonyesha kwamba meno ya mbele ya juu na ya chini hayakuwa yakikutana hata mtoto alipouma, yakiwa yameacha uwazi wa mviringo uliolingana na nyonyo yenyewe. Alitueleza kwamba uwazi huo mara nyingi hupungua wenyewe mtoto akiacha mapema, kabla ya kufikisha miaka 3, na akatuuliza kama huugua masikio, kwa sababu watoto wanaoendelea na nyonyo baada ya miezi 6 hupata maambukizi ya sikio la kati mara nyingi zaidi. Alikuwa ameugua mara mbili mwaka ule.

Jaribio la kwanza nililiharibu mimi. Niliificha nyonyo, nikamwambia mtoto kwamba paka ameichukua. Aliitafuta chini ya kitanda, kisha akasimama uani akimwomba paka wa jirani amrudishie, na usiku, baada ya kilio cha karibu saa nzima, nikaitoa kabatini nikampa. Kwa usiku mmoja nilikuwa nimemfundisha mambo mawili mabaya: kwamba mama husema uongo, na kwamba ukilia vya kutosha utapewa.

Mama mkwe wangu, ambaye ni mwenyeji wa Tanga, alipendekeza tuipake shubiri kama alivyowaachisha wanawe ziwa. Ninamheshimu sana, lakini nilimwomba tusifanye hivyo, kwa kuwa sikutaka kitu anachokikimbilia mtoto akiwa na hofu kimgeuke ghafla kikiwa kichungu. Wapo pia wanaokata ncha ya nyonyo kidogo kidogo ili isivutie tena. Hilo ni la hatari, kwani mpira uliokatwa huchanika na kipande chake kinaweza kumkaba mtoto.

Tulianza upya kwa kukaa wote pamoja, yaani mimi, baba yake, bibi yake na dada anayetusaidia kazi za nyumbani, kwa sababu katika nyumba yenye watu wazima wanne, mmoja tu akilegea, mtoto atajua pa kwenda. Tulichunguza nyonyo humfaa mtoto saa ngapi, tukagundua kwamba mchana sisi ndio tuliomwekea mdomoni kila alipotusumbua. Kwa hiyo tuliiweka kwenye kopo kando ya kitanda, tukamwambia wazi kwamba nyonyo ni ya kitandani: akiitaka anaruhusiwa, lakini sharti alale nayo pale pale. Siku za mwanzo alikwenda kulala mara nyingi sana, akichungulia dirishani wenzake wakicheza, na kufikia siku ya tano alikuwa akiiacha mwenyewe na kutoka nje.

Usiku ndio uliokuwa mgumu, na hapa ninawasihi wazazi wenzangu wasiondoe nyonyo bila kuweka kitu mahali pake. Nilikata kipande cha kanga yangu kuukuu, nikampa alale nacho pamoja na nyonyo kwa wiki nzima, ndipo nikamwambia kwamba kesho nyonyo itaondoka na kanga itabaki. Nyonyo zote tatu tulizokuwa nazo alizitupa mwenyewe kwenye pipa la taka, akanishuhudia nikilitoa nje. Usiku huo alilia kwa dakika 40 nikiwa kando yake, nikimpapasa mgongo na kumwimbia. Usiku wa pili alilia kwa muda mfupi zaidi. Wa nne aliiulizia bila kulia, na baada ya hapo hakuitaja tena. Alipopata homa wiki mbili baadaye, ningeirudisha kama ingekuwapo ndani, na ndiyo sababu ninasisitiza kwamba zisibaki hata moja.

Usianze jambo hili mtoto akiwa mgonjwa, wala mnapohama nyumba, wala anapozaliwa mdogo wake. Subiri mwezi upite. Kile kipande cha kanga bado anacho, kimechakaa pindo zote, na ninakifua Jumamosi asubuhi na mapema ili kiwe kimekauka kabla hajalala mchana.