Begi la mlimani ni la kukaa, si la kutembea

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi na wenzangu wawili tunataka kupita njia ya mlimani ya kilomita 14 msimu huu wa theluji. Wakati wa joto tuliimaliza kwa saa sita. Tumekubaliana kubeba vitu vichache ili twende haraka, maana mtu akitembea hapati baridi, na mmoja wetu atachukua kichupa cha pombe kali cha kupashia mwili. Je, ni programu gani ya ramani inayofaa kusikokuwa na mtandao?

JIBU: Yoyote inayokuruhusu kupakua ramani kabla ya kuondoka, mradi simu ikae ndani ya nguo, karibu na mwili. Kwenye baridi kali betri iliyojaa nusu huweza kuzimika ghafla. Beba na ramani ya karatasi na dira. Hilo tumelimaliza.

Kilichonikera ni hayo maneno, "mtu akitembea hapati baridi". Katika kazi hii ya uokoaji nimeyasikia hata kwa watu niliowashusha kwa machela. Na ubaya wake ni kwamba ni kweli. Ukiwa unapanda, misuli hutoa joto jingi, utatoka jasho hata nyuzi 10 chini ya sifuri. Sasa mwenzako ateleze, kifundo cha mguu kiteguke. Mmesimama. Lile joto limekatika, shati limelowa, na kama ni la pamba ndiyo basi, halikaukii mwilini. Upepo wa kilomita 30 kwa saa katika nyuzi hizo 10 hasi, ngozi inauhisi kama nyuzi 20 hasi.

Niliwahi kumkuta kijana amekaa juu ya jiwe na begi mapajani. Ndani ya begi mlikuwa na koti kavu. Vidole vyake vilishindwa kushika zipu. Aliniambia anaona nafuu, ameacha kutetemeka. Nafuu gani! Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu yuko hatarini. Likiendelea kushuka, mwili huishiwa nguvu za kutetemeka. Wengine hufikia hata kuvua nguo wakidhani wanaungua.

Kwa hiyo begi lipime kwa swali moja: mkilazimika kukaa mahali pamoja hadi asubuhi, lina nini? Koti nene ambalo hamlivai mkitembea, glavu za akiba, kipande cha godoro cha kukalia, mfuko wa dharura wa kuingia mwili mzima, tochi ya kichwani, chakula. Kila mtu na vyake. Vyuma vya meno vya kufunga chini ya buti navyo ni lazima penye barafu. Zile saa sita zisahau; kwenye theluji laini zinaweza kuwa kumi na mbili, na siku ni fupi. Pangeni kabisa saa ya kugeuza, popote mtakapokuwa mmefika.

Kichupa kiacheni nyumbani. Pombe hutanua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakimbilia nje na kupoa huko. Unachokihisi kama joto ni joto linalokutoka. Wauza mafuta ya kuchua "yanayopasha" nao ni walewale: ngozi inawasha, mwili haujaongezewa hata nyuzi moja. Na anayekwambia usugue kwa theluji kidole kilichoganda, mnyamazishe. Utachubua nyama iliyokwisha kuumia.

Huu ugonjwa wa kwenda mikono mitupu sasa umewaingia wengi, na najua unakotoka: zile video za wanaokimbia mlimani na kibegi cha maji mgongoni. Kwenye mashindano, mkimbiaji ndiye anayeonekana. Wanaomsubiri njiani na makoti, uji wa moto na redio hawaonekani, kwa kuwa ndio mara nyingi walioshika kamera.