Alikuwa Anafanya Nini Alipoanguka?

Madaktari watarajali wangu, jana nimefungua faili la kijana wa miaka 16 aliyezimia uwanjani. Nikakuta: "MRDT hasi, presha nzuri, ECG nzuri. Upungufu wa maji. ORS, aruhusiwe." Yaani hana malaria, kipimo cha umeme wa moyo kiko sawa, anywe maji ya chumvi na sukari, aende nyumbani. Mwandiko mzuri kuliko wangu. Nikataka kumpongeza aliyeandika, kisha nimrushie faili lenyewe. Kosa hilo, la kutouliza alikuwa anafanya nini, nalifahamu vizuri, nilishalifanya mimi.

1. Ulizeni alikuwa anafanya nini. Aliyezimia akiwa kwenye foleni juani, au aliyemaliza mbio akasimama ghafla, mara nyingi ni presha imeshuka tu. Aliyekatika katikati ya mbio, miguu bado inakwenda, mshukuni moyo kwanza, mengine baadaye.

Mimi sikuuliza. Nilikuwa na miezi minne tangu nipate leseni, na mwalimu wa michezo akaniletea mvulana wa kidato cha pili amembeba mgongoni. Mtoto alishazinduka, anacheka, anaona haya kubebwa. Nikamuuliza kama amekula asubuhi. Hajala. Basi, nikawa nimepata nilichokuwa nakitafuta. Nikamtundikia dripu moja, nikampiga ECG, ikatoka safi, nikajiona bingwa maana wenzangu wasingepiga hata hiyo. Mwalimu akaomba karatasi ya kumrudisha kwenye timu. Nikaandika "anaweza kushiriki michezo", nikasaini. Muhuri ulikuwa umekauka wino, nikaugonga mara mbili.

Na mwalimu yule aliniambia, pale pale mezani: "Daktari, hata mwezi uliopita alishika kifua tukipanda kilima." Nilimsikia. Sikuandika popote.

Wiki ya tatu akaanguka tena, mzunguko wa mwisho wa mita 800, hakuamka. Uchunguzi wa maiti ulionyesha koronari ya kushoto, mshipa unaoulisha moyo wenyewe damu, imeanzia upande wa kulia wa aota, mshipa mkuu utokao moyoni, ikapita katikati ya aota na ateri ya mapafu, mdomo wake mwembamba kama mpasuko. Mtu akilala kitandani apigwe ECG, damu inapita vizuri. Akikimbia, aota inatanuka, mdomo ule unabanwa, na upande wa kushoto wa moyo unakosa damu wakati ndio unaihitaji. Kwa hiyo ECG yangu ilikuwa safi kwa sababu nilimpima amelala, ametulia, ana dripu mkononi.

Baba yake alikuja na karatasi yangu imekunjwa mara nne. Nilijiandaa kutukanwa. Aliniuliza kama amlete na mdogo wake wa kike, kwa sababu naye anakimbia. Tukampima, yuko salama. Karatasi aliiacha mezani. Ninayo hadi leo.

2. Kwenye fomu ya kuomba eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, msiandike "eko tafadhali" kama mnaagiza chai. Andikeni: zionekane midomo ya koronari zote mbili. Zisipoonekana, ombeni CT.

3. "Lakini amecheza miaka yote." Pete Maravich alicheza kikapu cha kulipwa Marekani misimu 10, hana koronari ya kushoto. Alianguka mwaka 1988 akiwa na miaka 40, kwenye mechi ya kujifurahisha tu, na kasoro ikajulikana baada ya kufa.

4. Ndugu wakisema kifafa, msidakie. Rudini kwenye swali la kwanza: alikuwa anafanya nini?

5. Mtoto mchanga hakimbii, ila ananyonya, na kunyonya ndiyo mbio zake. Akiachia ziwa kila mara, jasho linamtiririka, analia kama anachomwa, bibi atasema mchango na nyinyi mtaandika nimonia. Huenda koronari ya kushoto imetoka kwenye ateri ya mapafu. Siku za mwanzo anavumilia kwa sababu presha ya mapafu bado iko juu. Ikishuka, damu inaukimbia moyo na kurudi mapafuni. Kwenye ECG tazameni mawimbi makubwa ya Q kwenye mistari ya I na aVL. Bila upasuaji wengi wao hawafiki mwaka. Wa kwanza niliyemwona aligunduliwa na nesi, sisi madaktari watatu tumesimama pale na stetoskopu zetu shingoni. "Huyu anatoka jasho kuliko mama yake," alisema, na ilikuwa Februari, feni ya wodi mbovu, sote tumelowa.

6. Mpaka picha zipatikane, hakuna mpira, hakuna mbio, hakuna sahihi. Makocha watawachukia. Mimi wananichukia watatu, mmoja wao shemeji yangu.

Kijana wa jana tumempigia simu. Anasema Jumamosi hawezi kuja, wana mechi. Nimeomba nizungumze na mama yake.