Kutoa Hadithi Bure Mtandaoni: Ushauri kwa Waandishi wa Nyanda za Juu Kusini

Ukiingia katika maduka mengi ya vitabu ya mjini Mbeya au Iringa utakuta rafu zimejaa vitabu vya kiada, madaftari na vitabu vya dini, huku riwaya za Kiswahili zikiwa chache pembeni, na nyingi kati ya hizo ni zile zinazosomwa katika mitihani ya sekondari. Wachapishaji nao hupendelea mswada wenye soko shuleni, jambo ambalo siwalaumu kwalo, kwa kuwa ndilo linalolipa mishahara yao. Kwa hiyo kila kijana anaponijia na mswada wa riwaya akitaka kujua aupeleke wapi, humshauri kwanza atafute wasomaji kwa kutoa sehemu ya kazi yake bure mtandaoni, kisha ndipo aende kwa mchapishaji akiwa tayari ana watu wanaomsubiri. Nimefanya hivyo mwenyewe kwa miaka kadhaa nikiwa hapa Mbeya, na watu wa kwanza kununua vitabu vyangu vilivyochapishwa walikuwa ni wale waliosoma sura za mwanzo kwenye simu zao.

Hata hivyo, kutoa bure peke yake hakumfikishi mwandishi popote. Hadithi ya bure ina faida kwake pale tu inapomwachia njia ya kumfikia tena msomaji yule yule. Simulizi inaweza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp kutoka Tunduma hadi Tanga, ikasomwa na maelfu ya watu, na mwandishi asibaki na hata mmoja wa kumwambia kwamba kitabu kimetoka.

Mfano ninaopenda kuwapa waandishi ni wa Andy Weir, Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa programu za kompyuta. Aliiweka riwaya yake kuhusu mtu aliyeachwa kwenye sayari ya Mars katika tovuti yake mwenyewe, sura baada ya sura, bila malipo. Kwa miaka mingi alikuwa amekusanya orodha ya barua pepe ya wasomaji wapatao 3,000, na kila sura ilipotoka aliwaarifu. Miongoni mwao walikuwemo watu wanaoijua kemia na fizikia vizuri, nao wakamwandikia kumsahihisha. Wasomaji hao hao ndio waliomwomba aiweke kwenye Kindle, huduma ya Amazon ya vitabu vya kielektroniki, akaiweka mwaka 2011 kwa senti 99 za Marekani, ambayo ndiyo bei ya chini iliyoruhusiwa, na ikanunuliwa kwa wingi kiasi cha kuwavutia wachapishaji na watengeneza filamu. Toleo la mchapishaji mkubwa lilitoka mwaka 2014 na filamu ikafuata mwaka 2015. Watu 3,000 si wengi; kuna kurasa za Facebook za hapa nchini zenye wafuasi zaidi ya hapo. Tofauti ni kwamba yeye aliweza kuwaandikia wakati wowote alipotaka.

Kuhusu jukwaa gani litumike, maoni yangu ni kwamba kila moja lipewe kazi yake. Wattpad, iliyoanzishwa Kanada mwaka 2006 na kununuliwa mwaka 2021 na kampuni ya Naver ya Korea Kusini, inafaa kuwa ghala, kwa sababu sura zote hukaa kwa mpangilio na msomaji mpya anayekuja baada ya miezi sita anaweza kuanza sura ya kwanza bila kuomba kutumiwa. Pia humwonyesha mwandishi kila sura imefunguliwa mara ngapi, na humruhusu msomaji kuandika maoni kwenye aya anayoitaka. Udhaifu wake kwetu ni kwamba wasomaji wa Kiswahili walioko humo ni wachache, kwa hiyo usitarajie watakukuta wenyewe, lazima uwapeleke. JamiiForums, ambayo nayo ilianza mwaka 2006, ina wasomaji wa simulizi wenye subira na ulimi mkali, na kwa mwandishi anayetaka kusikia ukweli hakuna mahali pazuri zaidi. Facebook husambaza haraka na kusahau haraka. WhatsApp ndiko watu wetu wanakosomea hasa, kwa sababu hata mwenye bando dogo la siku hufungua WhatsApp kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna mambo ya kiufundi kuhusu WhatsApp ambayo waandishi wengi huyagundua wakiwa wamekwisha kuchelewa. Kundi moja halipokei zaidi ya watu 1,024. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi inachukua watu 256, na ujumbe huo huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Ndiyo maana mwisho wa kila sehemu ninayoitoa bure huandika kwa ufupi kwamba anayetaka kuarifiwa mwendelezo ahifadhi namba hii kwa jina hili, kisha anitumie jina lake na mahali alipo. Kwa njia hiyo nimejua kwamba wasomaji wangu wengi wako Mafinga, Makambako na Uyole, si Dar es Salaam kama nilivyodhani mwanzoni, na kujua hivyo kulibadili hata namna ninavyochagua mandhari ya hadithi. Chaneli za WhatsApp, zilizoanza mwaka 2023, hazina ukomo wa namna hiyo, lakini mfuasi wa chaneli hawezi kukujibu kama anavyojibu kwenye kundi, na mwandishi anayeanza anahitaji majibu kuliko idadi.

Andika hadithi mpaka mwisho kabla ya kutoa sehemu ya kwanza. Nalisisitiza hili kuliko yote. Msomaji wa simulizi za mtandaoni ameumizwa mara nyingi na watunzi walioishia sehemu ya tisa na kunyamaza, na sasa wapo wasomaji ambao hawaanzi kusoma mpaka waone neno “mwisho” limekwisha kuwekwa. Ukiwa na mswada uliokamilika unaweza kutangaza siku zako, tuseme Jumanne na Ijumaa saa mbili usiku, na ukazitimiza hata umeme ukikatika, hata ukiwa shambani kwenye mvua za Desemba na mtandao haushiki. Wale wanaokuandikia kwamba “wanapata arosto”, yaani wana kiu kali ya mwendelezo, wanakupa heshima kubwa, na heshima hiyo hulipwa kwa kutimiza siku uliyotaja.

Sasa nije kwenye kitu ambacho sioni kikizungumzwa vya kutosha, nacho ni mistari ya kwanza. WhatsApp hukata ujumbe mrefu na kuweka “Soma zaidi”. Mistari iliyo juu ya maneno hayo mawili ndiyo yote ambayo msomaji ameahidiwa kuyaona; iliyobaki inategemea kama atagusa au hatagusa. Dada mmoja anayeuza nguo za mitumba Mwanjelwa, msomaji wangu wa siku nyingi, alinionyesha jinsi anavyosoma. Asubuhi, kabla wateja hawajachanganya, hushika simu kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukipanga nguo, na kidole gumba hupita juu ya simulizi alizotumiwa katika makundi yake yote. Simulizi tatu zilizopita mbele yetu zilianza kwa kuchomoza kwa jua, kwa kuwika kwa majogoo na kwa mtu kuamka kitandani, naye hakugusa hata moja. Ya nne ilianza na mama mkwe akigonga mlango saa tisa usiku akiwa na begi. Aliigusa, akakaa juu ya belo kuisoma.

Tangu nione hivyo, kila sehemu ninayoitoa naiandikia mlango wake, si ile ya kwanza peke yake. Nitoe mfano. Mtunzi anayeandika kuhusu biashara ya magendo mpakani anaweza kuanza hivi: “Ilikuwa siku ya Jumatatu yenye baridi kali katika mji wa Tunduma, mji ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambapo malori mengi husubiri kuvuka.” Hakuna kosa la lugha hapo, lakini hakuna pia cha kumfanya mtu aguse. Aanze badala yake hivi: “Lori la tatu kwenye foleni lilikuwa linaunguruma, taa zinawaka, na ndani hamkuwa na dereva.” Msomaji wa Nyanda za Juu Kusini akisoma foleni ya malori anaijua Tunduma hata kabla haijatajwa, na baridi utaipata nafasi ya kuisema baadaye, pale mhusika atakapoushika ule usukani ulioganda.

Kuhusu mandhari, nadhani waandishi wa huku tunaacha mali yetu barabarani. Simulizi nyingi mtandaoni hufanyika Sinza, Masaki na Kariakoo, nyingine zikiandikwa na watu ambao hawajawahi kukaa huko. Wakati huo huo ukungu wa Tukuyu, mashamba ya chai ya Mufindi, treni ya TAZARA inayochelewa usiku na mpunga wa Kyela havijaandikwa hata robo. Nimeona kwa macho yangu kwamba sehemu inayotaja stendi ya Makambako, pale njia ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Mbeya, husambazwa na watu wa Makambako kwa fahari ambayo hakuna tangazo la kulipia linaloweza kuinunua. Lakini watu hao hao watakusahihisha bila huruma. Basi linalotoka Dar es Salaam hupita Ruaha Mbuyuni, likapanda kona za Kitonga, ndipo likafika Ilula na kisha Iringa; ukiandika kwamba mhusika alinunua nyanya Ilula na baadaye akaanza kuiogopa milima ya Kitonga wakati anaelekea Iringa, msomaji wa Kihesa, pale Iringa mjini, ataifunga hadithi yako hapo hapo. Kabla ya kutoa sehemu yenye safari, mpe mtu anayeisafiri njia hiyo aisome.

Maoni ya wasomaji yasomwe yote, ila si yote yafuatwe. Atakayekwambia umuue mume wa shangazi kwa sababu anamchukia amekwambia kwamba mhusika huyo amemgusa, na hilo linatosha. Ninayoyatazama kwa makini zaidi ni yale ambayo hayaandikwi: kwenye Wattpad linganisha idadi ya waliofungua sura ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kupungua kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni kawaida kwa kila mtunzi. Kushuka ghafla katikati, tuseme kati ya sura ya sita na ya saba, maana yake sura ya sita ina tatizo, na kabla ya kuipeleka kwa mchapishaji inapaswa kuandikwa upya. Hakuna mhariri hapa Mbeya atakayekufanyia kazi hiyo bure.

Wizi upo. Simulizi yangu moja niliikuta kwenye ukurasa wenye wafuasi wengi ikiwa na jina la mtu mwingine, majina ya wahusika yakiwa yamebadilishwa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kazi yako inalindwa tangu unapoiandika, bila masharti ya kusajiliwa, lakini kusajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, hukupa ushahidi ulio rahisi kuushika mkononi. Zaidi ya hapo, hifadhi rasimu zenye tarehe, jitumie mswada kwa barua pepe kabla ya kuutoa, na jina lako liweke katikati ya kila sehemu na si juu tu, kwa kuwa anayenakili kwa haraka hukata kichwa na mkia. Wasomaji wenyewe ndio walinzi wakubwa: ni wao walionitumia picha za ukurasa ule na kujaza maoni chini yake mpaka simulizi ikaondolewa. Anayefikiria kuanzisha blogu yake kamili asome kwanza kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), zilizoanza mwaka 2018 na kurekebishwa baadaye, ajue zinamhusu kwa kiasi gani.

Ni kiasi gani kitolewe bure? Mimi hutoa theluthi ya kwanza ya riwaya, na huishia mahali ambapo swali kubwa la hadithi limekwisha kuulizwa na msomaji amekwisha kumchagua mtu wake. Iliyobaki huuzwa ikiwa faili kamili, kwa bei ya shilingi elfu moja au mbili inayolipwa kwa simu, au husubiri kitabu. Tangazo la bei litolewe tangu sehemu ya kwanza, ili asiwepo anayeona kwamba amevutwa kwa ujanja. Hadithi fupi ni tofauti, hizo hutolewa nzima, kwa kuwa ndizo zinazomjulisha mtu asiyekujua kabisa kwamba unaweza kufunga kisa ulichokifungua.

Kabla hujaweka chochote, amua pia ni kazi zipi hazitaingia mtandaoni. Tanzania ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ipo Tuzo ya Safal-Cornell kwa fasihi ya Kiswahili. Mashindano mengi hutaka mswada ambao haujawahi kuchapishwa, na baadhi ya waandaaji huhesabu kilichowekwa hadharani mtandaoni kuwa kimekwisha kuchapishwa. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno, na ukiwa na shaka waandikie waandaaji kabla ya kutoa sura hata moja. Mswada ninaoutengea mashindano haupiti WhatsApp kabisa. Husomwa na watu wawili ninaowaamini, kwenye karatasi iliyochapwa stationeri, na nakala hizo hurudi kwangu.