Fedha benki zipo, biashara haipo: majibu kwa wanahisa wadogo wa Dodoma

Tangu hesabu za mwaka zitoke, barua zinazokuja zinahusu kampuni moja tu. Imeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), biashara yake imedorora, lakini akaunti zake za benki zimenona. Jina silitaji, wenye hisa zake mnaijua, na wengine mtafaidika na hoja. Barua nimezifupisha.

Mbukwenyi! Hisa inauzwa Sh 300, ila fedha zilizoko benki ukizigawa kwa hisa zote unapata Sh 450. Mwanangu anasema hii ni bei ya kutupwa, ninunue zaidi. Mnasemaje? (Mwalimu mstaafu, Kongwa)

Shikamoo mwalimu. Kabla ya kumsikiliza kijana, fungua kitabu cha hesabu ukurasa wa maelezo kuhusu "fedha taslimu na akiba benki". Hapo ndipo watu wengi hawafiki. Wanaishia kwenye picha ya mwenyekiti.

Nitumie namba za mfano, zinazolingana na hizo zako. Kampuni ina hisa milioni 40. Benki kuna Sh bilioni 18, ndiyo hiyo 450 yako. Sasa geukia madeni: wanaoidai kampuni kwa mali waliyoleta, kodi, malimbikizo ya wafanyakazi, malipo ya awali ya wateja ambao bado hawajapewa bidhaa. Tuseme vyote ni bilioni 5. Hiyo ni Sh 125 kwa hisa, unabaki na 325. Rudi kwenye yale maelezo, usome mistari ya chini iliyoandikwa kwa herufi ndogo. Mara nyingi utakuta sehemu ya amana ya muda maalumu imeshikwa na benki kama dhamana. Huenda ikarudi, huenda isirudi. Mimi huiondoa kwanza. Kama ni bilioni 2, umebaki na Sh 275. Bei ya sokoni ni 300. Ile bei ya kutupwa imeyeyuka tukiwa bado ukurasa mmoja.

Upande wa pili yapo majengo, mitambo na wadaiwa, nayo yana thamani yake. Wadaiwa waangalie kwa umri wa deni: anayedaiwa zaidi ya mwaka mzima, mhesabu kama hayupo. Mitambo ya biashara iliyolala hununuliwa kwa bei ya chuma chakavu.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Tazama taarifa ya mtiririko wa fedha, mstari wa fedha kutoka shughuli za uendeshaji. Ukisoma hasi bilioni 1.6, maana yake kila mwaka kampuni inakula Sh 40 za kila hisa yako. Anayenunua leo kwa sababu ya fedha za benki ananunua kitu kinachopungua kila mwezi, na hajui kitaachwa kupungua lini. Mwambie kijana akuletee namba hiyo kwa miaka mitatu, ndipo mzungumze habari ya kununua.

Kwa nini wasitugawie hela zetu tukaachana kwa amani? (Mnunuzi wa alizeti, Kibaigwa)

Kaka, hela hizo si zetu bado. Ni za kampuni, na kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria. Sisi tuna haki ya kinachobaki.

Gawio hutolewa kwenye faida, ya mwaka huu au iliyolimbikizwa. Kampuni iliyopata hasara mfululizo hadi limbikizo likageuka hasi haiwezi kutangaza gawio hata benki ikifurika. Kwa hiyo tafuta kwenye mizania, yaani ukurasa wa mali na madeni ya kampuni, mstari wa "faida iliyolimbikizwa". Ukiwa chanya, bodi ikisema haiwezi kugawa ina maana haitaki. Kwa kampuni iliyoorodheshwa DSE utakatwa kodi ya zuio asilimia 5, badala ya 10 inayokatwa kwenye kampuni nyingine.

Ukiwa hasi, kuna njia mbili ndefu. Ya kwanza ni kupunguza mtaji ili fedha zirudi kwa wanahisa. Hii inataka azimio maalumu, yaani robo tatu ya kura zilizopigwa, kisha mahakama iridhie. Ya pili ni kuifunga kampuni kwa hiari. Hapo wakurugenzi wanaapa kwamba kampuni inaweza kulipa madeni yake yote, wanahisa wanapitisha azimio maalumu, mfilisi anaingia. Mfilisi analipwa kwanza, wafanyakazi na kodi wanalipwa, wadai wengine wanalipwa, sisi tunakuja mwisho kabisa. Wafanyakazi msiwasahau kwenye hesabu: sheria ya ajira inawapa kiinua mgongo cha angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili wa kazi, mpaka miaka 10, mbali na notisi na likizo zao.

Msimamo wangu ni huu: mtaji wa kuendesha biashara kwa mwaka mmoja na nusu ubaki, kinachozidi kirudishwe. Kuifunga kabisa nisingeharakia, maana kufunga nako kunakula fedha, na mfilisi asiyebanwa anaweza kukaa miaka.

Bodi inasema itatumia fedha hizo kujenga jengo la kupangisha hapa Dodoma, kwa kuwa Serikali imehamia. Si ndiyo maendeleo yenyewe? (Mkazi wa Nkuhungu)

Ndugu yangu, Dodoma naipenda kama wewe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, mji ukatangazwa kuwa jiji Aprili 26, 2018, na sasa wizara ziko Mtumba. Kodi za nyumba tunazisikia sote. Lakini swali ni kama kampuni iliyoshindwa kuendesha biashara inayoijua kwa miaka mingi itaweza biashara isiyoijua.

Mimi nikitaka nyumba ya kupangisha, nitatafuta kiwanja Ihumwa au Nala na fundi wangu mwenyewe, simhitaji mwenyekiti wa bodi anijengee halafu anitoze posho ya vikao. Jengo lina sifa nyingine ambayo wakurugenzi huipenda: likishajengwa, hakuna anayeweza tena kudai fedha zigawanywe. Zimekuwa saruji.

Waulize mambo matatu kwa maandishi. Mpangaji gani amesaini, au angalau ameandika barua ya nia? Faida inayotarajiwa ni asilimia ngapi, ikilinganishwa na hati fungani ya Serikali ya muda mrefu, yaani kuikopesha Serikali kwa riba, ambayo haitaki mlinzi wala kupaka rangi? Na kiwanja kinanunuliwa kwa nani? Hilo la tatu likijibiwa kwa kuzungukazunguka, piga kura ya hapana.

Mume wangu alifariki akiacha hisa za kampuni hiyo. Nimeambiwa siwezi kupiga kura. Ni kweli? (Mama wa Mpwapwa)

Pole sana mama. Kwa sasa ni kweli, kwa sababu daftari bado lina jina la marehemu. Anza na kikao cha ukoo na mahakama ili ateuliwe msimamizi wa mirathi. Akishapata barua ya usimamizi, aende nayo kwa dalali wa hisa pamoja na cheti cha kifo, nakala ya kitambulisho na namba ya akaunti ya hisa ya marehemu. Dalali ndiye atakayepeleka maombi ya kuhamisha. Uliza pia magawio ya miaka ya nyuma ambayo hayajachukuliwa. Mara nyingi yapo, akaunti ya benki ya zamani ilifungwa tu. Na usisaini karatasi ya mtu anayekuambia atakununulia hisa "haraka kabla mirathi haijaisha".

Tuna kundi la WhatsApp la wanahisa wadogo zaidi ya mia. Tunabishana usiku kucha: wengine wanataka fedha zigawanywe, wengine wanataka menejimenti mpya. Mwanahisa mkuu ana asilimia 60. Si tunapoteza bando tu? (Vijana wa Makole)

Kwa jinsi mnavyokwenda, ndiyo. Lakini hesabu ziko upande wenu kuliko mnavyodhani.

Kwa asilimia 60 anaweza kuchagua wakurugenzi, na anaweza kuwaondoa. Azimio maalumu hawezi peke yake, kwa sababu linataka asilimia 75 ya kura zilizopigwa. Neno "zilizopigwa" ndilo la kushika. Ninyi wengine mna 40. Mkijitokeza wote, yeye ana 60 kati ya 100, amekwama. Ikijitokeza 15 tu, yeye ana 60 kati ya 75, ambayo ni asilimia 80, na anapitisha anachotaka. Anayewashinda ni wale 25 waliobaki nyumbani. Tena, wanahisa wenye angalau moja ya kumi ya mtaji uliolipwa wanaweza kuitaka bodi iitishe mkutano maalumu. Jumlisheni hisa zenu kundini leo, kila mtu na namba yake, mjue mko wapi.

Kisa cha zamani kinawahusu. 1926, Benjamin Graham, Mmarekani aliyekuja kuwa mwalimu wa mwekezaji maarufu Warren Buffett, aligundua kampuni ya mabomba ya mafuta iitwayo Northern Pipe Line. Hisa iliuzwa dola 65, ndani yake mna hati fungani zenye thamani ya dola 95 hivi kwa kila hisa. Januari 1927 alisafiri hadi mji wa Oil City, Pennsylvania, kwenye mkutano mkuu. Alipotaka kutoa hoja hakupata hata mtu wa kumuunga mkono. Mkutano ukafungwa akiwa na karatasi mkononi. Alitumia mwaka uliofuata kuzungumza na wanahisa na kukusanya fomu za uwakilishi, za kumruhusu awapigie kura. Januari 1928 alirudi akapata viti 2 kati ya 5 vya bodi, na baadaye kampuni ikawagawia wanahisa dola 70 kwa hisa.

Msijidanganye kwamba kisa chenu ni hicho hicho. Kampuni ile ilikuwa inapata faida, fedha zake zilikaa tu. Ya kwenu inakula akiba, kwa hiyo hamna mwaka mzima wa kukusanya fomu. Kubalianeni jambo moja. Menejimenti mpya hamtaipata bila yule wa 60. Kuhusu kurudishiwa fedha, mnaweza kuzungumza naye mkaelewana, kwa sababu naye anamiliki 60 ya hasara.

Na tafadhali, yule mjumbe anayeandika "nina habari za ndani, nunueni kabla ya Ijumaa", mtoeni kundini. Kufanya biashara ya hisa kwa habari za ndani ni kosa la jinai, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana haichagui kama ulikuwa unatania.

Niuze au nishike? (Bila jina, Manyoni)

Hilo ni la dalali wako aliyesajiliwa, anayejua una watoto wangapi wa kusomesha. Ila ukiuza, weka bei ya kikomo, yaani bei ambayo chini yake huuzi. Soko la hisa hii ni jembamba, wanunuzi ni wachache. Ukisema "uza kwa bei yoyote" utauza kwa bei yoyote kweli.

Mkutano uko Dar na kazi siwezi kuacha. Nifanyeje? (Muuguzi, Bahi)

Dada, treni ya mwendokasi imefupisha safari tangu 2024, lakini si lazima upande. Angalia tangazo kama kuna kiungo cha kuhudhuria kwa mtandao. Kama hakuna, jaza fomu ya uwakilishi iliyoambatanishwa na taarifa ya mkutano. Mwakilishi si lazima awe mwenyekiti, ingawa wengi humwandika yeye bila kufikiri na kura yao ikaenda kwa bodi. Andika jina la mtu unayemwamini anayekwenda, weka alama ya ndiyo au hapana kwenye kila azimio usiache wazi, na uhakikishe inafika kwa katibu wa kampuni saa 48 kabla ya mkutano. Saini kama ulivyosaini kwa dalali. Saini zikitofautiana, fomu inawekwa pembeni.