Muulize Mwalimu: Kama nikeli hailiwi, mbona inachoka?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naendesha bajaji ya gesi, najaza Ubungo, na jioni najiandaa na kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kitabu kinasema kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali, hakiliwi na mmenyuko huo. Mbona nimesoma kwamba metali ya nikeli, kichocheo kinachogeuza methani kuwa gesi sanisi, huchakaa, na wataalamu wanahangaika kuitengeneza iwe na vitundu? – Msomaji, Mbagala.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kitabu chako hakijakosea, kimeishia njiani tu.

Gesi unayojaza karibu yote ni methani, na methani ni kaidi. Ukiikutanisha na mvuke wa maji kwenye nyuzi 700 hadi 900 za Selsiasi, juu ya nikeli, inakubali kuachana: unapata kaboni monoksidi na haidrojeni, molekuli moja kwa tatu. Hiyo ndiyo gesi sanisi. Haidrojeni yake ndiyo inayokwenda kutengeneza amonia ya mbolea.

Kazi yote hufanyika juu ya uso wa nikeli. Iliyo katikati ya bonge inakaa bure. Darasani nilikuwa natia manganizi dioksidi kwenye haidrojeni peroksidi: bonge lilitoa mapovu kidogo, unga uleule ulifurika hadi mezani. Ndiyo maana nikeli husambazwa kama chembe ndogo sana ndani ya alumina (oksidi ya alumini) yenye vitundu. Vunja kipande cha mkaa ukitazame, utaelewa.

Sasa uchovu. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1455, lakini kuanzia karibu 600 chembe zake huanza kutembea na kuungana, kama matone ya mafuta juu ya mchuzi. Uso unapungua. Baya zaidi ni masizi. Methani ikivunjika kabisa huacha kaboni, nayo hupenya ndani ya chembe ya nikeli, ikatokea upande wa pili, ikakua kama uzi na kuing'oa chembe pale ilipokaa, ikiibeba kwenye ncha. Miaka yote hii jambo hilo bado linanisisimua! Mvuke mwingi huyachoma masizi hayo. Ukitumia kaboni dioksidi badala ya mvuke, tatizo huzidi. (Salfa nayo huiua nikeli, kwa hiyo gesi husafishwa kwanza.)

Kitundu kinasaidia hapo. Chembe iliyofungiwa chumbani mwake haikutani na jirani, na chembe ikibaki ndogo uzi wa kaboni haushiki kirahisi. Ila kitundu kikiwa chembamba mno, gesi inapita kwa shida na masizi kidogo tu yanaziba mlango. Mimi naona mpangilio wenye busara ni njia pana zinazoingia kwenye vyumba vidogo, kama barabara na vichochoro vya Kariakoo.

Kwenye mtihani andika kwamba kichocheo hakipungui katika mlinganyo. Usiandike kwamba hakichakai.