Mwanangu, hesabu miezi ya kusi

Binti yangu, mamangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa gatini Mokowe nangojea boti, simu nimeibandika sikioni kama mzee kiziwi kwa kelele za injini. Nilivyokuelewa, umepata nafasi mbili: shahada ya uuguzi Chuo Kikuu cha Pwani, pale Kilifi, miaka 4, na diploma ya uuguzi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, miaka 3. Nawe waniuliza: "Baba, nikisoma shahada kwa mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, mshahara wa nesi utalilipa deni hilo, au nitazeeka nalo?"

Nikupe kwanza kisa ambacho hujapata kukisikia chote. Ulipokuwa na miaka minne nilichukua injini na jarife kwa tajiri mmoja wa samaki. Riba hakuniandikia hata senti, na watu wakanipa hongera. Sharti lilikuwa moja tu: samaki wote nimpelekee yeye. Nguru ambaye wenzangu walimuuza kwa bei ya soko, mimi nilimuuza kwa bei ya tajiri, na tajiri ndiye aliyeshika mizani. Kisha ikaingia kusi, miezi ya upepo mkali. Bahari ikachafuka, wiki nzima hatutoki nje ya mwamba, na yeye yuko mlangoni baada ya Ijumaa kuuliza habari. Miaka saba, mamangu. Injini yenyewe ilikufa mwaka wa tano, nikawa nalipia chuma kilicholala chini ya mkungu.

Deni lile halikuwa kubwa. Kilichonimaliza ni kwamba bei haikuwa yangu, na siku za kulipa hazikungoja siku za kupata.

Kwa hiyo deni lako nalitazama kwa jicho hilo. Kwenye bei, wewe u salama kuliko nilivyokuwa mimi. HELB hawanunui kazi yako. Ukiajiriwa na kaunti, ukiajiriwa hospitali ya binafsi Mombasa, ukivuka bahari, wao wanataka pesa zao basi. Riba yao ni asilimia 4 kwa mwaka. Nimekaa na kijana wa duka la M-Pesa tukapiga hesabu ya mfano: ukitoka chuoni unadaiwa Sh300,000 na ukalipa Sh5,000 kila mwezi, utamaliza kwa miezi kama 67. Yaani miaka mitano na nusu na kitu. Si haba, lakini si maisha.

Hilo neno la riba najua mamako analo moyoni, na ana haki. Mimi si mwanachuoni. Kaa na maalim wako, umwoneshe karatasi yenyewe, usimsimulie. Langu ni moja: tangu 2023 karo ya chuo kikuu hugawanywa mafungu, kuna ufadhili, kuna mkopo, kuna mfuko wa mzazi. Fungu la ufadhili halirudishwi. Basi fomu ijaze kwa ukweli. Baba yako ni mvuvi, andika mvuvi. Ukiniita mfanyabiashara kwa kuwaonea haya wenzako, utapangwa pamoja na watoto wa wenye maduka, na hapo haya yako itakuwa na bei.

Sasa kusi yako, miezi ya deni bila mshahara. Hapa ndipo pananinyima usingizi, maana kila mtu anakuhesabia mshahara na hakuna anayekuhesabia miezi.

Ukimaliza miaka 4 ya shahada, kuna mwaka mzima wa intanshipu, kazi ya mafunzo hospitalini, na miaka hii ya karibuni tumewaona wahitimu wakikaa majumbani wakingoja kupangiwa hospitali. Baada ya hapo ni kutafuta kazi. Hospitali nyingi za umma ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na kaunti huajiri inapokuwa na bajeti, si wewe unapokuwa na leseni. Wako walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020, katika mpango wa afya kwa wote, wakaandamana miaka kudai ajira ya kudumu. Lakini HELB wanakupa mwaka mmoja tu wa neema baada ya masomo. Ukipita hujaanza kulipa, faini ni Sh5,000 kwa mwezi. Zidisha: Sh60,000 kwa mwaka. Riba ya mwaka kwa zile Sh300,000 ni Sh12,000. Umeona? Anayekula watu ni faini, mara tano ya riba, na humkuta mtu wakati hana kazi.

Wa diploma hana huo mwaka wa intanshipu, na deni lake ni dogo. Kwa hiyo shangazi yako anayekwambia uchukue KMTC hakosei. Wako waliofanya hivyo, wakaajiriwa, wakajiendeleza hadi shahada mshahara ukiingia. Ila serikalini wa diploma huanzia kundi la kazi H na wa shahada huanzia K, ngazi ya juu zaidi ya mshahara, na tofauti hiyo utatembea nayo mpaka pensheni. Kumbuka tu kwamba mshahara unaotajwa si unaofika: kuna kodi, kuna NSSF ya akiba ya uzeeni, na katika kila Sh10,000, 275 ni za SHA, bima ya afya, na 150 za ushuru wa nyumba. HELB nao hukata huko huko kabla hujaiona.

Uingereza usiitie kwenye hesabu. Mkataba wa Kenya na Uingereza wa kupeleka manesi ulitiwa saini 2021, ni kweli, na ukienda ukapata, alhamdulillahi. Lakini deni halilipwi kwa safari ambayo hata pasipoti hujaichukua. Na wakala akitaka pesa mbele, nipigie mimi kwanza.

Mimi nasema shahada. Mkopo wa karo uchukue. Wa matumizi upunguze kadiri utakavyoweza, Kilifi si mbali, samaki mkavu na unga nitakutumia kwa basi. Na ile kusi yako, kuanzia mwaka wa neema utakapoisha mpaka mshahara wa kwanza, Sh5,000 ya kila mwezi nitailipa mimi. Mamako ameshataja vipuli vyake, nimemwambia avivae. Nitaanza kuweka kaskazi hii, pesa za kamba na za nguru, kwa miaka minne itakuwa imetosha.

Barua ya mgao wa karo ikitoka nipigie picha unitumie, nataka kuona mkopo ni kiasi gani kabla hujaweka sahihi. Na ukija Idi pitia soko la Mombasa uniletee uzi wa kushonea nyavu, mabunda mawili. Hapa umepanda bei.

Baba yako